Rili Inayokwaruza: Wapi Grisi, Wapi Mafuta, Wapi Pakavu

"Shikamoo dada," ameniandikia msomaji mmoja wa Mtwara. "Rili yangu haijamaliza hata mwaka, lakini nikiizungusha inakwaruza. Niliimiminia mafuta, ikalainika kidogo, kisha ikawa mbaya kuliko mwanzo. Fundi anasema gia zimekwisha. Niitupe?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiitupe, na usimpe mtu hela ya gia mpya kabla hujaifungua mwenyewe ukaona kilichomo. Rili changa inayokwaruza, mara nyingi ina chumvi iliyoganda au grisi iliyochoka. Na hayo mafuta uliyomimina, hata yangekuwa ya bei gani, yaliichukua ile chumvi ya nje yakaipeleka ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Nawajibu na wengine humu humu, maana kusi likitulia na vyombo vikianza kutoka tena, maswali ya rili hunijia kwa mafungu. Wengi mnauliza mafuta gani ni mazuri. Swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: sehemu unayotaka kuipaka, kazi yake ni nini? Ndani ya rili kuna vitu vinavyokimbia, kuna vitu vinavyobeba mzigo, na kuna vitu vinavyoshika. Kinachokimbia, yaani beringi, kinataka tone la mafuta mepesi. Kinachobeba mzigo, yaani meno ya gia, kinataka grisi. Kinachoshika kinataka kuachwa kavu, au kipakwe kile tu kilichotengenezwa kwa ajili yake. Karibu kila rili iliyoharibiwa na mwenyewe imeharibika kwa kuchanganya hayo matatu.

Tuanze na maji, kwa sababu bila maji mafuta hayana maana. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Rili ikilowa rasharasha za mawimbi kutwa nzima, maji hukauka na chumvi hubaki, kwenye kila skrubu, chini ya kila kifuniko, ndani ya mshipi wenyewe. Na hewa yetu ya pwani ina unyevu. Chumvi huuvuta huo unyevu usiku, ikalowa tena, ikaendelea kula chuma wakati wewe umelala. Ndiyo maana rili iliyotumika Jumamosi ikaachwa kwenye mfuko hadi Jumamosi inayofuata hutoka mle na ukoga mweupe na wa kijani.

Kwa hiyo osha siku ile ile. Kaza breki kwanza hadi mwisho, ili maji yasipenye kwenye washa zake. Chota maji kwa kopo, uyamwage taratibu juu ya rili huku ukiigeuza, kama vile ungeinawisha mikono ya mtoto. Usiizamishe kwenye ndoo. Na tafadhali sana, usiipige na mpira wa maji wenye nguvu, wala ile mashine ya kuoshea magari. Watu hudhani presha inasafisha zaidi, kumbe inayasukuma maji ya chumvi kupita mahali ambapo yenyewe yasingepita, hadi kwenye beringi. Maji yawe ya kawaida au ya uvuguvugu, si ya moto, kwa sababu moto huilainisha grisi ikachuruzika.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vya maelekezo vinavyokuja na rili havilisemi, kwa sababu havikuandikwa kwetu. Visima vingi vya pwani vina maji ya magadi au ya chumvi. Ukiosha rili kwa maji hayo umeondoa chumvi nyingi ukaacha chumvi kidogo, na hiyo kidogo inatosha kabisa kufanya kazi yake. Yaonje. Ukisikia chumvi ulimini, tafuta maji ya mvua au ya bomba, weka dumu moja pembeni liwe la rili na fimbo tu. Wenye boti za kitalii Watamu na Shimoni hawafanyi mzaha na hili. Rili kubwa ya kurambazia nduwaro na jodari ni mali nzito, na ikigoma katikati ya mvutano, samaki amekwenda na mgeni amekasirika.

Ukishaosha, itikise, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, zungusha mkono wake mara kadhaa, kisha iweke kivulini penye upepo. Jua kali halifai. Hupasua raba na kuichosha grisi. Usiirudishe kwenye mfuko ikiwa na unyevu. Wenye mshipi wa kusuka mwe na subira zaidi, kwa sababu mshipi huo hushika maji katikati ya nyuzi zake na kuyapeleka chini hadi kwenye spuli, na spuli nyingi ni za alumini. Vuta mita kadhaa zile zilizoingia baharini siku hiyo, zipitishe kwenye kitambaa chenye maji baridi, uzirudishe.

Ikishakauka, tone moja la mafuta kwenye roda ya mshipi. Roda ndiyo lile gurudumu dogo kwenye upinde wa waya, ambapo mshipi hupita unapouvuta. Nyie mliokulia kwenye majahazi hamhitaji kuelezwa kazi ya roda. Kwenye rili ya kuzungusha, hakuna beringi inayoteswa kama hii: iko nje, inalowa kila mara, na uzito wote wa samaki unageukia hapo. Ikigoma kuzunguka, mshipi huteleza juu yake badala ya kuizungusha, na siku mbili tatu baadaye utauona mshipi una vinyweleo, umekatika hata kwa changu mdogo. Iguse kwa kidole kila unaporudi. Kama haizunguki, fungua skrubu yake moja, itoe, isafishe. Ni kazi ya muda mfupi kuliko kupiga mswaki. Tahadhari moja kwa wenye Daiwa zenye alama ya Magseal: baadhi ya sehemu zake huzibwa na mafuta ya sumaku yaliyowekwa kiwandani, na ukitia mafuta ya kawaida unakiharibu kizibo hicho. Hizo osheni tu, mengine muachie fundi mwenye vifaa vyake.

Hayo ni ya kila siku. Kufungua rili yenyewe ni kazi ya mara moja kwa mwaka kwa anayevua mwishoni mwa juma, mara mbili kwa anayevua baharini mara kwa mara. Miezi ya kusi, Mei hadi Julai, bahari inapokuwa imechafuka na vyombo vimepandishwa pwani, ndiyo miezi ya bisibisi. Wasichana, na nyie sogeeni. Kazi hii haitaki misuli. Inataka macho, vidole vyepesi na mtu asiye na haraka, na wengi wenu mna hivyo vyote.

Tandika kitambaa cheupe mezani ili kitu kikianguka ukione. Chukua trei ya mayai iliyo tupu, na kila kitu unachokitoa kiweke kwenye shimo lake kwa mpangilio: cha kwanza shimo la kwanza, cha pili la pili. Kurudisha ni kuanza na shimo la mwisho. Piga picha kwa simu kila hatua. Skrubu za kifuniko cha ubavuni mara nyingi hazilingani urefu, na ile ndefu ukiiingiza mahali pa fupi inaweza kupasua ganda.

Kwa rili ya kuzungusha, toa spuli kwanza. Chini yake, kwenye shafti, utakuta washa nyembamba, wakati mwingine mbili, wakati mwingine zaidi. Zihesabu na uzirudishe zote, kwa sababu ndizo zinazoamua mshipi ujipange sawa au ulundikane upande mmoja. Toa mkono. Fungua kifuniko cha ubavuni, ukiinue polepole sana: kuna washa nyingine nyembamba kama ukucha zinazoganda kwenye grisi na kuanguka bila sauti. Hapo sasa gia kubwa iko mbele yako.

Kabla hujaifuta, itazame, maana grisi ya zamani inakueleza kila kitu. Ikiwa ina rangi yake ya asili, hata kama imekonda, rili iko salama, inataka tu kuongezewa. Ikiwa imegeuka maziwa, nyeupe na nzito, maji yameingia. Tafuta yamepitia wapi, aghalabu ni kwenye tundu la mkono au raba iliyokatika. Ikiwa ya kijivu cheusi na inametameta ukiisugua kidoleni, huo ni unga wa chuma; meno yanaliwa, na hapo fundi wa Mtwara atakuwa amesema kweli. Ikiwa kavu na ngumu, ya kahawia, inanata kama gamu, mtu alitia mafuta ya kupikia.

Hili la mafuta ya kupikia nalisema kwa uchungu. Mafuta ya alizeti, ya mawese, ya nazi, yote ni chakula. Siku ya kwanza yanalainisha vizuri sana, ndiyo maana watu huyaamini. Kisha hewa inayashika, yanazidi kuwa mazito, mwishowe mengine yanakauka yakawa utando unaonata, na mchanga unapata pa kulala. Kuyatoa ni shida kuliko kutoa kutu. Wala usitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki. Ile imejaa masizi na unga wa chuma, ndiyo maana imemwagwa.

Bei isiwatishe, kwa sababu vitu vizuri viko karibu. Kwa beringi, mafuta ya cherehani, yale meupe maangavu yanayouzwa kwenye vichupa, yanafaa. Hayakai muda mrefu kama mafuta maalumu ya rili, kwa hiyo utayarudia mara nyingi zaidi, lakini ni mepesi, hayagandi, na yanapatikana kila mtaa wenye fundi nguo. Kwa gia, nenda duka la vipuri vya injini za boti, uliza grisi ya baharini, ile inayopakwa kwenye shafti ya rafadha. Imetengenezwa isitolewe na maji ya chumvi. Mkebe mmoja mdogo utawatosha wewe na jirani zako kwa misimu mingi. Grisi ya kawaida ya magari si sumu, lakini nyingi ni nzito mno kwa rili ndogo, utasikia mkono umekuwa mzito.

Na ile WD-40 ya kupuliza, ambayo kila karakana inayo? Ilibuniwa 1953 kufukuza unyevu na kuzuia kutu, na kwa hilo inafaa: pulizia kitambaa, futa ganda la nje. Usiipulizie ndani ukadhani umepaka mafuta. Inayeyusha grisi iliyokuwepo, yenyewe ina mafuta mepesi sana yasiyodumu kwenye meno ya gia, na baada ya muda chuma kinasagana na chuma. Wengi wanaoniambia "ililainika kidogo kisha ikawa mbaya" walipita njia hiyo.

Futa grisi yote ya zamani kwa mswaki uliostaafu na spiriti kidogo, au mafuta ya taa kwa vile vya chuma tupu, kisha viache vikauke kabisa. Petroli na thina ziache. Hula plastiki, na nyumbani kuna jiko. Beringi iliyojaa uchafu itoe, iloweke kwenye spiriti ndani ya kikombe kidogo, itikise, rudia hadi spiriti ibaki safi, ikauke, ndipo uitie tone moja au mawili. Usisahau hilo tone. Beringi kavu huzunguka haraka na kwa sauti nyembamba inayopendeza, watu hujisifia hiyo sauti, lakini ni ya gololi zinazojimaliza.

Gia paka grisi kwa brashi ndogo, tabaka jembamba kiasi kwamba bado unaweza kuyaona meno. Paka meno ya gia kubwa, ya gia ndogo inayoingiliana nayo, na njia ya kile kipande kinachoipandisha na kuishusha spuli. Usijaze. Grisi iliyozidi haikai mahali pake. Inasukumwa pembeni, inapanda, inafika mahali pabaya kuliko pote ndani ya rili, ambapo ni kwenye beringi ya kuzuia kurudi nyuma.

Beringi hiyo ndiyo inayofanya mkono uende mbele tu usirudi. Kazi yake na ya friwili ya baiskeli ni ndugu, na si ajabu, kwa sababu Shimano yenyewe ilianzishwa 1921 mjini Sakai, Japani, bidhaa yake ya kwanza ikawa friwili. Rili zilikuja 1970. Ndani yake kuna viroli vidogo vinavyojibana dhidi ya shafti. Vikipata grisi, vinateleza, na siku unapogongwa na nguru mkubwa, ukavuta fimbo kwa nguvu zote, mkono unarudi nyuma ghafla na kukupiga vidole. Iache kavu, au mafuta mepesi kiasi cha ncha ya sindano. Kama tayari imelowa grisi, ioshe kwa spiriti. Ikiwa ni mara yako ya kwanza kufungua rili, usiivunje vunje. Ina springi ndogo zinazoruka zisionekane tena. Isafishe ikiwa nzima.

Kitu kingine kinachoshika ni breki, na hapa nataka mnisikilize. Breki ni washa zilizopangana, nyingine za chuma, nyingine za kaboni au za manyoya yaliyoshindiliwa. Watu huzipaka grisi ya gia, au huzitia mafuta, kisha wanashangaa jodari anakimbia na mshipi wote kama hakuna kitu. Wengine wanaziacha na chumvi, zinaganda, samaki anaanza mbio, breki haitoi, mshipi unakatika papo hapo. Washa za kaboni nyingi hupenda utando mwembamba wa grisi maalumu ya breki yenye teflon; za manyoya hulowekwa grisi ya namna hiyo hiyo hadi zishibe. Kama huna grisi hiyo, zifute tu ziwe safi na kavu, uzirudishe kwa mpangilio ule ule. Baadaye jaribu kwa kufunga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza: vuta polepole, uone sindano inapanda bila kurukaruka. Kwa mshipi wa kilo 10, breki ikiachia kati ya kilo 2.5 na 3.3 uko mahali pazuri, na usibahatishe kwa mkono mtupu, maana mkono hudanganya.

Unaporudisha skrubu, paka kila moja chembe ya grisi kwenye meno yake. Skrubu ni chuma cha pua, ganda mara nyingi ni alumini, na metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi hutokea umeme mdogo unaoila alumini. Ndiyo sababu skrubu za rili za pwani huganda hadi kichwa kikavunjika. Paka pia mguu wa rili, pale unaposhikana na fimbo.

Kwa wenye rili za juu ya fimbo, zile ambazo spuli yenyewe huzunguka unaporusha: tone moja kila upande wa spuli, basi. Mafuta mazito hufupisha mrusho, na mepesi mno huikimbiza spuli kuliko mshipi unavyotoka, mshipi ukajisokota hadi ukaukata kwa kisu. Ile skrubu ndefu ya kupanga mshipi kushoto na kulia itieni mafuta mepesi badala ya grisi, kwa sababu iko wazi na grisi huwa mtego wa mchanga. Wenzetu wa Mwanza na Kisumu mnaovua sangara hamna chumvi, lakini mna mchanga na tope, kwa hiyo hayo ya mchanga ni yenu pia.

Beringi ikioshwa na bado inakwaruza, imekwisha, ibadilishe. Usihangaishwe na idadi iliyoandikwa kwenye boksi, 5+1 au 10+1. Namba ya kwanza ni beringi za gololi, na ile moja ni ya kuzuia kurudi nyuma. Beringi kumi za chuma hafifu ni milango kumi ya kutu, na mimi ningechukua nne nzuri. Pima tundu la ndani, upana wa nje na unene, kwa milimita. Yenye tundu la 7, upana wa 11 na unene wa 3, kwa mfano, huitwa MR117ZZ. Ikiwa na herufi S mbele, SMR117ZZ, ni ya chuma cha pua, na hiyo ndiyo unayoitaka baharini. ZZ na 2RS ni zile zile mnazozijua kwenye beringi za bodaboda: ya kwanza ina vifuniko vya chuma, ya pili ina vya raba.

Baada ya kufunga kila kitu, zungusha mkono polepole ukiwa umeweka sikio karibu. Mlio mdogo laini ni grisi mpya inayojipanga, utaisha. Kisha legeza breki kabisa kabla ya kuiweka rili kabatini. Washa zikikaa miezi zimebanwa hubonyea na kushikana, na hata grisi nzuri namna gani haitazirudishia unene wake.